Boti ya Miili Miwili: Yasemwayo na Yaliyo



Juma hili safu yetu yatoka jikoni na malezini kidogo, ikaelekea baharini. Tumeletewa barua kutoka Buruburu, na aliyeiandika ni katibu wa kikundi cha akina mama wa Eastlands wenye asili ya kisiwa cha Pate: wengi wa Siyu na Faza, na wachache wa Kizingitini. Kwa miaka minne wamekuwa wakichanga kila Jumapili baada ya Alasiri, wakikutana kwa zamu Buruburu, Umoja na Pumwani. Sasa fedha zao zakaribia kutosha kununua boti ya abiria ya kufanya safari kati ya Mokowe, Amu na Pate. Muuzaji amewaonyesha picha za boti ya injini yenye miili miwili, ile iitwayo katamarani. Bei yake yapita kwa mbali bei ya boti ya mwili mmoja iliyozoeleka kule. Kikundi kimegawanyika, na kura itapigwa Jumapili ijayo.

“Muuzaji asema haipinduki,” aandika dada yetu, “yabeba mara mbili, haimtapishi mtu, na mafuta yake ni nusu. Bibi yetu mmoja, ambaye mumewe alikuwa nahodha, asema chombo cha miili miwili hupasuka katikati kikikutana na mawimbi ya kusi. Tumsikize nani?”

Jawabu fupi ni kwamba muuzaji amesema kweli nusu nusu, na bibi amesema kweli zaidi kuliko anavyodhaniwa. Jawabu refu lahitaji tukae kitako, maana hizo ni fedha za wajane, za wauza maandazi na za washonaji, na watakaopanda boti hiyo ni watoto wetu wenyewe wakienda kwao wakati wa likizo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kitu hiki ni kigeni kabisa kwetu. Jina katamarani limetoka katika Kitamil cha kusini mwa Bara Hindi, kwa maneno mawili yenye maana ya kufunga na mti. Chombo chenyewe cha asili kilikuwa magogo yaliyofungwa pamoja, wala hakikuwa na miili miwili kama hii ya leo. Wazungu walilichukua jina hilo na kulibandika juu ya vyombo vya miili miwili walivyovikuta katika visiwa vya Pasifiki. Nasi katika mwambao wetu tunayo ngalawa, mtumbwi mwembamba wenye matengo kila upande yanayouzuia usilale. Ngalawa si katamarani, lakini siri yao ni moja: chombo chembamba hupata utulivu kwa kujitanua ubavuni, bila ya kuwa kizito tumboni. Maarifa hayo yaliivuka Bahari ya Hindi pamoja na mababu wa watu wa Bukini, karne nyingi kabla ya injini kujulikana. Kwa hiyo asije mtu akatuuzia hekima yetu wenyewe kwa bei ya muujiza.

Sasa tuje kwenye neno kubwa, kwamba haipinduki.

Msomaji aliyepanda matatu ya kwenda Kariobangi akasimama kwa kukosa kiti aijua habari hii kwa miguu yake. Ukisimama umebana miguu, kila kona yakuyumbisha. Ukiitanua, watulia. Katamarani imetanua miguu. Upepo ukiisukuma, au abiria wote wakikimbilia upande mmoja ili washuke, mwili wa upande ule wajaribu kuzama na maji yausukuma juu kwa nguvu kubwa, kwa kuwa uko mbali na katikati ya chombo. Katika hili katamarani yaishinda waziwazi boti ya mwili mmoja yenye urefu sawa nayo. Na si jambo dogo, kwa maana boti nyingi ndogo hupata msiba palepale gatini, watu wanaposimama wote kwa pamoja kuwania kushuka.

Lakini utulivu huo una mpaka, na mpaka wenyewe huja ghafla. Boti ya mwili mmoja hulala kidogo, ikalala zaidi, na kila inavyolala ndivyo inavyozidi kujitahidi kuinuka, mpaka ifike mahali ishindwe. Kulala kwake ni lugha; nahodha mzuri huisikia kwa nyayo zake akapunguza mwendo au akageuza omo kulielekea wimbi. Katamarani haisemi hivyo. Yakaa wima, wima, wima, na nguvu yake ya kujirudisha hufikia kilele ikiwa bado imeinama kidogo tu. Mwili mmoja ukinyanyuka kabisa majini, nguvu ile huanza kupungua. Na ikishageuka juu chini, hukaa hivyo hivyo kwa utulivu uleule iliokuwa nao ilipokuwa wima. Watazame wasukuma mikokoteni wa Gikomba: mkokoteni mpana hauyumbi ovyo, lakini ukipinduka na mzigo wake haumsubiri mtu aushike.

Hapa lazima niongeze jambo ambalo wauzaji wa upande wa pili nao hulificha. Husemwa kwamba boti ya mwili mmoja ikipinduka hujirudi yenyewe. Hiyo ni sifa ya mashua za matanga za Ulaya zenye mkuku mzito wa risasi au chuma chini yake. Boti ya faiba ya abiria ya Amu, yenye injini nyuma na turubai juu, haina mkuku wa namna hiyo, nayo ikipinduka haijirudi. Kwa hiyo katika kulinganisha boti hizi mbili, swali la ipi hujirudi tuliweke kando. Tuulize ni kipi hupindua boti za abiria katika bahari yetu.

Historia yatujibu kwa majina tunayoyakumbuka kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa chombo cha mwili mmoja, kizito, cha kubeba watu na magari, kilichoruhusiwa abiria wapatao 600. Kilichukua watu wengi kupita kiasi hicho, pamoja na shehena. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kusi ikiwa imekaza. Nayo ilikuwa ya mwili mmoja, iliyoundwa Marekani mwaka 1989 na kutumika katika maji yaliyokingwa ya eneo la Seattle, kisha ikauzwa ije kukutana na bahari yetu iliyo wazi.

Misiba hiyo miwili iliwafanya watu wengi wa mwambao waamini kwamba usalama umo katika miili miwili, hasa kwa kuwa boti za kasi za Kilimanjaro, zilizoundwa Australia, ni katamarani na zimekuwa zikivuka kila siku. Ni kweli kwamba boti hizo zimeunyanyua usafiri wa Zanzibar. Lakini Januari 2014, Kilimanjaro II ikitoka Pemba kwenda Unguja ilipigwa na mawimbi makubwa katika eneo la Nungwi, na watu waliokuwa kwenye sitaha ya mbele wakasombwa baharini. Baadhi yao walifariki. Boti yenyewe haikupinduka. Iliendelea kuelea kwa miili yake miwili, na hata hivyo kuna nyumba zilizolia. Basi mtu akikwambia “haipinduki”, mwulize tena: na abiria je?

Dhana ya pili, kwamba yabeba mara mbili, ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko zote, kwa sababu yaonekana kuwa hesabu nyepesi. Miili miwili, mzigo mara mbili! Ukweli ni kinyume chake. Katamarani ni chombo kinachouogopa uzito.

Fanyeni jaribio hili na watoto kwenye beseni la kufulia. Chukueni bakuli moja pana la plastiki, na chupa mbili tupu za soda zilizofungwa vizuri na kuunganishwa kwa kibao juu yake. Viwekeni vyote viwili majini, kisha wekeni juu ya kila kimoja kopo la kilo moja la unga. Bakuli litashuka kidogo. Chupa zitashuka zaidi. Sababu ni kwamba chombo hushuka kulingana na eneo linalogusana na uso wa maji, na miili ya katamarani imefanywa myembamba makusudi ili ipasue maji kwa wepesi. Sitaha yake pana, ile inayompendeza mnunuzi, haigusi maji hata kidogo. Iko hewani kama daraja.

Tuweke mfano kwa tarakimu. Boti ya mwili mmoja ambayo eneo lake kwenye uso wa maji ni mita 12 za mraba huhitaji uzito wa kilo 123 hivi ili ishuke sentimita 1 katika maji ya bahari. Katamarani yenye urefu uleule, ambayo miili yake miwili kwa pamoja ina mita 8 za mraba, hushuka sentimita 1 kwa kilo 82 tu. Yaani mtu mzima mmoja na mkoba wake. Ongezeni watu 10 juu ya kiwango: ya kwanza itashuka chini ya sentimita 7, ya pili itashuka karibu 10. Na katika katamarani hizo sentimita 10 si za ubavuni tu. Zimepunguza nafasi iliyo chini ya daraja, kati ya sitaha na maji, ambamo mawimbi hupita. Nafasi ile ikipungua, mawimbi huanza kugonga daraja kwa chini, mgongo wa abiria hupata habari, na maungio ya boti nayo hupata habari.

Hapo ndipo aliposimama bibi. Hofu yake ya kupasuka katikati msiicheke. Kila mwili wa katamarani hupandishwa na wimbi lake: wa kulia wataka kwenda juu, wa kushoto wataka kwenda chini, na daraja lililoko katikati ndilo linalosokotwa. Boti iliyochorwa na mjuzi na kujengwa kwa faiba ya kutosha huvumilia msokoto huo kwa miaka mingi. Iliyojengwa kwa kubahatisha, au iliyounganishwa kutokana na boti mbili zilizokuwa mbalimbali, huanza kuonyesha nyufa nyembamba pale miili inapokutana na daraja. Sijui kama mumewe aliwahi kuiona katamarani maishani mwake, lakini mtu aliyelala miaka juu ya mbao husikia ni wapi chombo kinaumia. Kabla ya kulipa hata shilingi, kikundi kimchukue fundi asiyehusiana na muuzaji. Watu wa Matondoni wameunda vyombo kizazi baada ya kizazi, na wenye kujua faiba wapo Amu na Mombasa. Aipande boti hiyo ikiwa imetolewa majini, ajilaze chini ya daraja akiwa na tochi, na apige picha za maungio.

Kuhusu kutapika nitasema machache. Katamarani haiendi mrama kwa kulala polepole huku na huku kama jahazi, na wale wanaosumbuliwa na mwendo ule watapata nafuu. Badala yake ina mtikiso mfupi wa haraka, na wimbi likija kwa pembeni hutupa kona moja kisha nyingine, kama kitanda kinachotikiswa na watoto. Kuna watu ambao kigegezi chao huanzia hapohapo. Mama mwenye mimba au mtoto mchanga akae nyuma karibu na katikati, katika boti yoyote ile. Mbele ndiko kunakopigwa zaidi.

Nayo mafuta? Muuzaji amechukua ukweli wa bahari kuu akauleta katika mlango wa mikoko. Boti ya mwili mmoja ikienda kwa kasi hujitengenezea wimbi kubwa na kutumia nguvu nyingi kulipanda wimbi hilohilo. Miili myembamba huumba wimbi dogo, na hapo katamarani huokoa mafuta, ikiwa yaenda kwa kasi na haikulemewa. Ikienda polepole, ile ngozi yake kubwa iliyomo majini, pande nne badala ya mbili, huongeza msuguano na faida yote huyeyuka. Sasa njia ya Pate yapita wapi? Yapita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, mfereji mwembamba wa mikoko unaongojewa maji yajae, na ambamo nahodha mwenye adabu hupunguza mwendo asije akawazamisha wavuvi wenye mitumbwi. Nusu ya mafuta, basi, sioni itatoka wapi katika safari hiyo. Injini ni mbili kwa lazima, na kila injini ina plagi zake, mafuta yake na rafadha yake ya kukatwa na jiwe.

Kwa upande mwingine, wale wanaosema kwamba injini moja ikizima katamarani huzunguka kama pia, nao wamekosea. Huvuta upande mmoja, ndiyo, lakini usukani huirekebisha, na hufika. Zaidi ya hayo, kwa kuwa injini zake ziko mbali baina yao, nahodha aweza kusukuma mbele kwa moja na nyuma kwa nyingine, akaigeuza boti papo hapo penye gati lililosongamana.

Kuna faida moja ambayo muuzaji hakuitaja, labda kwa kuwa hajawahi kufika Pate maji yakiwa yamekupwa. Katamarani haihitaji kina kirefu, na bahari ikiondoka hukaa juu ya mchanga kwa miguu yote miwili, sawasawa, kama meza. Boti ya mwili mmoja hulalia ubavu, na mama aliyejitanda buibui, na mtoto mgongoni na ndoo ya samli mkononi, hushuka kwa kutambaa. Mwenye kuyajua matope ya mbele ya mji wa Pate ataipima faida hiyo kwa mizani yake.

Rai yangu ni hii, na kikundi kina hiari ya kuikataa. Ikiwa boti itabeba watu na mikoba yao tu, na mtakuwa na uthubutu wa kumkatalia abiria wa ziada hata akiwa mjomba, katamarani iliyojengwa vyema itawahudumia vizuri. Lakini tuambizane kweli. Boti za Pate hubeba saruji, magodoro, magunia ya unga na kreti za soda, kwa sababu visiwani hakuna njia nyingine ya kuvifikisha. Nahodha akiombwa achukue mifuko 20 ya saruji atachukua, na hiyo ni tani moja nzima. Kwa kazi ya aina hiyo ningenunua boti ya mwili mmoja, ndefu na pana, ambayo fundi wa Amu aweza kuitengeneza bila ya kuagiza kitu kutoka ng’ambo. Fedha itakayobaki ingenunua jaketi za kuokolea, zikiwemo za ukubwa wa mtoto wa miaka mitatu, na redio ya kuombea msaada.

Kabla ya kura ya Jumapili, katibu amtake muuzaji alete maandishi matatu: cheti cha ukaguzi kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, chenye idadi ya abiria na uzito ulioruhusiwa, jina la aliyeijenga na mwaka wake, na uzito wa boti ikiwa tupu. Akisema mzigo haujalishi kwa katamarani, mazungumzo yaishie hapo. Akileta maandishi, basi boti ijaribiwe baharini ikiwa imepakiwa mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na abiria wote walioandikwa kwenye cheti, wala isijaribiwe na watu watano na kamera. Ijaribiwe kati ya Juni na Agosti, kusi inapovuma, nje ya hifadhi ya kisiwa cha Manda. Mmoja wenu akae mbele na mwingine nyuma, na mtu achungulie chini ya daraja kuona mawimbi yanagonga mara ngapi. Turubai la kivuli nalo litazameni: likiwa limefungwa ubavuni kwa kamba, hakikisheni lafunguka kwa mkono mmoja, kwani boti ikipinduka turubai ndilo huwa wavu.

Dada yetu ameuliza pia iwapo boti iandikwe kwa jina la kikundi au la wanachama watatu, na nini kifanyike mmoja akifariki na hisa yake ikawa ya kurithiwa. Hilo ni la wakili na la kadhi kwa pamoja, nasi tutalichukua juma lijalo, in shaa Allah. Wenye vikundi vilivyokwisha kununua chombo kwa ubia watuandikie kabla ya Jumatano watueleze walivyofanya.